Haisi yangu ya kulala safarini: mvungu umejaa, droo zinajifungua, nafasi hakuna. Nifanyeje?

#1 ndegemsafiri
Wakuu, habari za jioni.

Mwaka jana nilinunua Haisi ya mizigo, lile umbo la 200, dizeli. Nikang'oa siti ya nyuma, nikampa seremala kazi ya kuweka kitanda na makabati ili mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka 6 tuwe tunatembea nchi bila kuhangaika na gesti. Safari ya kwanza ilikuwa Dar hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kurudi, siku 11. Gari haikunisumbua hata pancha. Kilichonitoa jasho ni nafasi ya kuweka vitu.

Vipimo nimechukua mwenyewe: nyuma ya siti ya dereva mpaka mlango wa nyuma ni mita 3 kasoro kidogo, upana sentimita 152, kimo 132. Kitanda kiko nyuma, kimechukua upana wote na urefu wa sentimita 185, kimeinuka sentimita 45 kutoka sakafuni. Chini yake kuna droo tatu za sentimita 90 zinazovutwa ukifungua mlango wa nyuma. Mbele ya droo hizo ni mvungu mtupu, unaingizia vitu kwa ndani. Nyuma ya dereva kuna kabati refu la nguo.

Sasa shida. Kupanda mlima Kitonga nikasikia kishindo nyuma. Nilipofika juu nikaegesha, nikafungua mlango nione kulikoni. Droo ya vyombo ikatoka kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini, ikanigonga gotini, sufuria tatu na chujio vikaangukia lami. Mfuniko mmoja ulibingirika mpaka mtaroni. Binti akacheka hadi Ilula.

Pili, droo ya tatu inagoma tangu Matema. Tatu, nikitaka jiko lazima nitoe mabegi matano, na usiku mabegi hayohayo yanahamia siti za mbele ili tulale, asubuhi yanarudi. Kila siku tunahama nyumba mara mbili. Aliyewahi kupitia hili anisaidie mawazo.

#2 Profesa wa Matuta
Natia nanga. Ila uzi bila picha ni umbea.

#3 ndegemsafiri
Picha zinagoma kupanda mkuu. Nitajaribu kesho nikipata bando la maana.

#4 FundiKeko77
Kwanza niseme aliyekutengenezea si mimi, maana naona fundi anatafutwa.

Mbao gani imetumika, na ina unene gani? Droo za sentimita 90 umeziweka kwenye reli za sentimita ngapi? Na zinashikwa na nini zikishafungwa?

#5 ndegemsafiri
@FundiKeko77 plaiwudi ya milimita 18 kila mahali, shiti sita. Reli za goroli za sentimita 60, ndizo ndefu alizopata. Zinashikwa na sumaku zile za kabati la jikoni, mbili kila droo.

#6 FundiKeko77
Sumaku! Hiyo ni ya kabati lililosimama ukutani kwa mama, halipandi Kitonga. Droo yenye sufuria na unga ina kilo 15 au 20, gari ikiinua pua sumaku inabaki inaangalia tu.

Halafu shiti moja ya milimita 18, futi 8 kwa 4, inakaribia kilo 30, nyingine zinavuka. Sita ni kilo 180. Umebeba watu watatu wazima wamelala chini ya godoro kabla hujaweka hata kijiko. Milimita 18 acha kwenye fremu ya kitanda peke yake. Droo na mbavu za kabati milimita 9 inatosha kabisa, mlango wa kabati 12.

#7 msee_wa_kamukunji
Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Huyu jamaa achana na droo zote. Mimi niko na Nissan Caravan, nilitengeneza droo mwaka wa kwanza, mwaka wa pili nikazing'oa. Chini ya kitanda nimepanga masanduku ya bati, zile za kupeleka watoi boarding. Kamukunji wanakutengenezea saizi unayotaka ukingoja. Nne zinaingia, kila moja ina kufuli yake, panya haingii, vumbi haliingii. Ukifika kambi unatoa sanduku ya jikoni nzima unaiweka nje, inakuwa meza.

#8 Mama Chungu
@msee_wa_kamukunji tranka za bati? Nilisoma bweni miaka sita, najua tranka. Kwenye matuta zinapiga kelele kama harusi ya mchiriku. Na kona zake zinakata godoro, zinakata mguu, zinakata mpaka mkeka.

#9 msee_wa_kamukunji
@Mama Chungu unaweka kipande cha mkeka wa yoga ama kapeti kuukuu chini, kelele inaisha. Kona unavalisha hose pipe iliyopasuliwa. Bado ni rahisi kuliko droo.

#10 Mzee wa Keria
Vijana mnajitesa bure. Gari ina paa. Piga keria ya skwea paipu urefu wote, panda juu madumu ya maji, mkaa, meza, viti, hema la mgeni. Ndani mnabaki na godoro na nguo. Sisi tulipanda mbuzi juu ya keria Singida hadi Dar na alifika anacheua.

#11 Nahodha wa Tanga
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote hapo kwenye madumu nakataa. Dumu la lita 20 ni kilo 20, kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja. Madumu matatu ni kilo 60 umezipandisha mita mbili juu ya lami, kwenye gari nyembamba kwa kimo chake. Kona ya kwanza ya mlima, utaisikia inavyolala.

Kwenye jahazi mzigo mzito unakaa chini katikati, karibu na mlingoti, ndio unaoituliza. Chombo kikiwa kitupu tunapakia farumi ya mawe au mchanga kwa kazi hiyohiyo. Vyepesi ndivyo vinapanda juu. Maji ya Haisi yaweke sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma, pande zote mbili sawa. Juu ya keria weka mkeka, viti vya turubai na hema, mwisho.

#12 Mzee wa Keria
Marahaba. Lakini jahazi halina tuta la Mikumi.

#13 Nahodha wa Tanga
Lina kusi, mzee.

#14 Profesa wa Matuta
Hahaha, 1-0.

#15 Mswahili Bremen
Habari wadau. Niko Ujerumani mwaka wa tisa, nina Fiat Ducato niliyoijenga mwenyewe, nitoe uzoefu kidogo.

Huku leseni ya kawaida ya daraja B inaishia kilo 3,500 gari ikiwa na mzigo na watu, kwa hiyo kila mtu anahesabu kilo kama mtu wa dhahabu. Ndipo nilipojifunza kwamba nafasi na uzito ni ugonjwa mmoja: ukijitengenezea kabati, utalijaza. Sheria yangu ni moja, sitengenezi kabati mpaka nijue kitu gani kitakaa humo.

Pia watu wa huku wanapenda makreti ya plastiki ya 60 kwa 40, kwa sababu yote yana kipimo kimoja na mawili yakilala pamoja yanatimia 80 kwa 60. Unapanga mvungu kama matofali. Kreti la jikoni, la zana, la viatu. Hakuna reli, hakuna sumaku. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1951 Westfalia walianza kuuza sanduku la kambi kwa wenye Volkswagen, mchana linakaa kama kabati na viti, usiku linakuwa kitanda, na likitolewa gari inarudi kazini.

#16 Mama Chungu
Kumbe kreti la soda lina ndugu zake Ulaya.

#17 bodamstaafu
@Mama Chungu usilidharau kreti la soda dada. Nimelitumia kama ngazi, kiti cha mgeni, kabati la spea na stuli ya kuoshea gari. Haliozi.

Kuhusu droo kujifungua, dawa ninayo ya shilingi mia tano: mpira wa tyubu. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, pigilia ncha moja upande wa kabati, ncha nyingine itengenezee kitanzi kinachoingia kwenye msumari wa droo. Mpira huo umebeba magunia ya mkaa na makochi mjini hapa, utashindwa na sufuria?

#18 FundiKeko77
Tyubu itashika, ila ukitaka kazi safi chonga meno. Chini ya ubao wa mbele wa droo acha kitako cha sentimita 2, na kwenye fremu weka kizingiti cha kimo hichohicho. Droo ikifungwa inaangukia nyuma ya kizingiti. Kuitoa unainua kwanza ndipo unavuta. Mlima wowote ule haiwezi kutoka kwa sababu mlima unavuta, hauinui. Hii inafanya kazi kwenye droo za ubao juu ya ubao. Zenye reli za goroli haziinuki, hizo wekea komeo la kawaida la mlango wa choo. Linafanya kazi kuliko sumaku 20.

#19 Profesa wa Matuta
Naomba kusahihisha kitu hapo. "Mlima unavuta, hauinui" ni sawa, ila tuta linainua. Ukilivamia ukiwa na 60 droo yote inaruka juu, na hapohapo gari inasogea mbele. Jina langu halikuja bure.

Na suala la mwelekeo: droo inayotazama nyuma inafunguka kwenye mpando. Inayotazama mbele inafunguka ukifunga breki. Inayotazama ubavuni inafunguka kwenye kona. Hakuna upande salama, kila upande una adui wake. Ndiyo maana mimi nimebaki na masanduku yanayofunguka kwa juu. Kitu kilichowekwa ndani ya shimo hakina pa kwenda.

#20 Mama Chungu
@Profesa wa Matuta kinachofunguka kwa juu chini ya kitanda maana yake ni kuinua godoro. Saa nane usiku mtoto anataka dawa ya kikohozi, unamwinua baba, unainua godoro, unainua ubao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si kuamsha kijiji.

#21 ndegemsafiri
Nashukuru sana wote. Komeo nimelielewa, kesho naenda kununua sita. Vipi hiyo droo ya tatu? Inatoka nusu, inakwama, ukiipiga bega inaingia. Zingine mbili hazina shida.

#22 FundiKeko77
Uzito. Reli ya sentimita 60 imebeba droo ya 90, ikitoka nje inaning'inia kama ulimi. Kichwa cha reli kimepinda. Umeweka nini humo?

#23 ndegemsafiri
Zana, jeki, mnyororo wa kuvutia, kopo la oili, betri ndogo.

#24 FundiKeko77
Jibu umelitoa mwenyewe.

#25 Binti Makete
Samahani, mimi naona ni unyevu. Plaiwudi ya kawaida ikikaa ziwani siku tatu inavimba. Nyumbani Makete milango yote inagoma msimu wa ukungu, kiangazi inalegea. Je, kingo za ubao zilipakwa vanishi au ziliachwa wazi?

#26 ndegemsafiri
Juu zimepakwa. Kingo za ndani sidhani. Na kweli, asubuhi inagoma zaidi kuliko mchana.

#27 Nahodha wa Tanga
Asubuhi kugoma si lazima unyevu. Usiku mmelala watu watatu juu ya fremu hiyo. Fremu imeinama, asubuhi mkitoka inachukua muda kurudi. Na uliegesha wapi Matema? Kama gurudumu moja lilikaa juu ya jiwe, bodi nzima ya gari inajipinda, na kabati ulilolifunga kwa boliti kwenye sakafu na ukuta linajipinda nayo. Chombo chochote cha mbao lazima kiwe na pa kupumulia.

#28 bodamstaafu
Au ni mchanga tu. Reli ya goroli na mchanga wa ufukweni haziivi. Ukiivuta inatoa sauti ya kusaga?

#29 ndegemsafiri
Inatoa.

#30 bodamstaafu
Mchanga.

#31 FundiKeko77
Reli iliyopinda nayo inasaga.

#32 Mswahili Bremen
Yangu iligoma hivyohivyo majira ya baridi, nikabadilisha reli, ikagoma. Nikaranda ubao milimita 2, ikakubali. Baada ya miezi miwili ikagoma tena. Sasa nimeizoea, naipiga teke.

#33 msee_wa_kamukunji
Sanduku ya bati haina reli. Nasema tu.

#34 Mama Chungu
Tumwache fundi na droo yake, mimi nataka kuongelea jikoni. Mmesahau kwamba gari ina hewa yote ile ya juu haitumiki. Bibi yangu Pangani hakuwa na kabati, alikuwa na susu. Kamba imesukwa, inaning'inia darini, mkate na samaki wa kukaanga vinakaa humo, sisimizi na paka wanaangalia kwa macho tu. Mimi kwenye Noah yangu nimefunga susu mbili kwenye vishikio vya dari, moja ya vitunguu na ndimu, moja ya mikate. Zikiyumba zinayumba, hakuna kitu kinachovunjika. Ukifika zinakunjwa kama kitambaa.

Mikoba ya ukindu nayo ining'inize nyuma ya siti za mbele. Kila mtu na mkoba wake wa nguo za siku tatu. Nguo zikunje kwa kuviringisha kama chapati, usizipange kama za dukani.

#35 Binti Makete
Susu! Sijasikia neno hili tangu nikiwa mdogo.

#36 Profesa wa Matuta
Nguo za mabegi matano kwa watu watatu siku 11 ndio mzizi wa tatizo. Mkuu ndegemsafiri, nani ana mabegi mangapi? Sema ukweli.

#37 ndegemsafiri
Mimi moja. Sisemi zaidi, uzi huu unasomwa nyumbani.

#38 Kaka Gesi
Swali la pembeni. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unauweka wapi? Nataka kuujengea kiboksi chini ya kitanda, nitoboe tundu juu ili gesi ikivuja itoke.

#39 Mswahili Bremen
@Kaka Gesi simama hapo hapo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatambaa chini kama maji. Tundu liwe chini kabisa, litoboe sakafu litokee nje, na kiboksi kizibwe vizuri upande wa ndani ili isiingie mnakolala. Ukitoboa juu umejitengenezea bwawa la gesi mvunguni. Na usiku valvu ifungwe kwenye mtungi wenyewe, jiko pekee halitoshi.

#40 Kaka Gesi
Duh. Fundi mmoja aliniambia kila gesi hupanda juu.

#41 Profesa wa Matuta
Alichanganya na betri. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, na hiyo ndiyo inapanda. Kwa hiyo boksi la betri tundu juu, boksi la mtungi tundu chini. Na yasiwe boksi moja! Ndegemsafiri, ile betri ndogo kwenye droo ya zana pamoja na mnyororo wa chuma itoe leo hii. Mnyororo ukigusa vichwa viwili kwa pamoja utajua droo kugoma haikuwa shida.

#42 ndegemsafiri
Nimeitoa sasa hivi na taa ya simu. Asante Profesa, nimetetemeka kidogo.

#43 FundiKeko77
Sasa jaribu droo ya tatu ikiwa haina betri.

#44 ndegemsafiri
Inatoka. Karibu na mwisho inakwama bado.

#45 FundiKeko77
Toa na jeki.

#46 Mzee wa Keria
Zamani tulikuwa na Kombi. Injini nyuma, mzigo unakaa juu yake. Tukitoka Moshi na maandazi yanafika Dar bado vuguvugu. Hii Haisi yenu inawapa joto wapi?

#47 msee_wa_kamukunji
Haisi injini iko chini ya siti za mbele mzee. Kwa hiyo hapo nyuma ya dereva chini ndio oveni. Niliweka chokoleti za mtoto hapo Nairobi hadi Voi, tukanywa.

#48 ndegemsafiri
Na ndipo nilipoweka mafuta ya nazi na mishumaa. Sasa nimeelewa kwa nini mishumaa ilikuwa imepiga magoti.

#49 Binti Makete
Jambo ambalo halijasemwa: chini ya godoro. Mliposhuka Njombe au kwetu, asubuhi hamkukuta ubao umelowa? Pumzi ya watu watatu usiku wa baridi inaganda kwenye bati na chini ya godoro. Kama mvungu umejazwa mpaka juu hewa haipiti, godoro linaota ukungu mweusi. Toboa ubao wa kitanda matundu mengi au tumia mbao nyembamba zilizoachana. Nafasi nyingine inatakiwa iachwe tupu makusudi.

#50 ndegemsafiri
@Binti Makete nimeinua godoro. Kuna madoa. Niliyadhania ni chai.

#51 Kaka Gesi
Nguo mimi natia kwenye mifuko ya plastiki, nakamua hewa, begi linabaki robo.

#52 Mama Chungu
Mifuko ipi baba? Ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Na Kenya walitutangulia, Agosti 2017. Utakamuliwa wewe mpakani.

#53 msee_wa_kamukunji
Ukweli. Namanga hawachezi.

#54 Profesa wa Matuta
Wadau, tumezunguka sana na hakuna aliyeuliza swali la muhimu. Mkuu, kwenda mlikuwa na shida ya nafasi kiasi hicho, au kurudi?

#55 ndegemsafiri
Ukiuliza hivyo... kwenda tulibanana lakini tulikaa. Kurudi ndiyo ilikuwa balaa. Kyela tulichukua mchele kilo 50. Tukuyu mikungu miwili ya ndizi. Njombe debe la viazi, lingine la jirani alikuwa ameagiza. Ilula nyanya tenga dogo. Ruaha Mbuyuni vitunguu, maana huwezi kupita Mbuyuni ukarudi Dar bila vitunguu, watakusema.

#56 FundiKeko77
Ooooh.

#57 Mama Chungu
Nacheka peke yangu kwenye daladala. Hapo si Haisi ya kulala, hapo ni fuso.

#58 Nahodha wa Tanga
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini debe la jirani lina kilo zake. Huyo jirani amechangia dizeli?

#59 ndegemsafiri
Alisema "tutaongea".

#60 Mswahili Bremen
Kwa hiyo mwenye uzi anatakiwa kusanifu gari la kurudi, la kwenda aliache. Ukiondoka, kreti mbili za mvunguni ziwe tupu kabisa. Au zijazwe chakula kitakacholiwa njiani, ili kadiri mnavyokula nafasi inafunguka.

#61 Mzee wa Keria
Ndizi, viazi na vitunguu, vyote vinakaa wapi? Juu ya keria. Nilisema #10 mkanicheka.

#62 Nahodha wa Tanga
Vitunguu nakubali juu, mzee, vinataka hewa. Mchele chini. Tugawane.

#63 Mama Chungu
Nyanya juu ya keria kwa jua lile, ukifika Chalinze una sosi.

#64 bodamstaafu
Kitu kingine mkuu, vumbi. Ule mlango wa nyuma gari ikitembea hewa ya nyuma inanyonya vumbi kuingia ndani, kila droo inayotazama nyuma inakula la kwanza. Badilisha raba ya mlango, na kwenye barabara ya vumbi fungua kidogo dirisha la mbele upepo uingie, unasukuma vumbi nje.

#65 Profesa wa Matuta
Mimi nikifungua dirisha la mbele vumbi linaingia mara mbili. Nafunga vyote, nawasha feni ya gari iingize hewa ya nje. Kila mtu na gari lake.

#66 Kaka Gesi
Na rangi ya mikoba epukeni bluu na nyeusi mkipita Mikumi na Ruaha, ndorobo wanazipenda sana rangi hizo. Ule mkoba wa bluu ulioning'inia dirishani ni mwaliko.

#67 ndegemsafiri
Nimerudi wakuu, baada ya wiki mbili. Mrejesho.

Komeo za choo zipo kwenye droo zote. Mabegi matano yamekuwa mikoba mitatu ya ukindu na begi moja (mazungumzo yalichukua siku nne). Susu moja juu ya jiko, binti ameifanya kitanda cha mwanasesere, vitunguu vimehamishwa. Droo ya kati nimeing'oa, mahali pake nimesukuma tranka ya bati ya mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita, chini kapeti, nakiri Mkenya ana hoja. Ubao wa kitanda umetobolewa matundu 60, fundi alidhani nimechanganyikiwa. Mtungi umehamia kiboksi karibu na mlango wa ubavuni, tundu chini. Juu ya matairi, ile nafasi ya pembeni ya droo iliyokuwa imezibwa, nimeifungua na kupata mashimo mawili ya viatu na mataulo. Kumbe nilikuwa nayo muda wote.

Alhamisi tunaondoka kwenda Lushoto, safari hii siku nne.

#68 msee_wa_kamukunji
Heshima zirudi kwa Kamukunji.

#69 Mama Chungu
Lushoto utarudi na plamu, peasi, kabichi na maua. Umeacha nafasi?

#70 ndegemsafiri
Jirani ameshaagiza peasi.

#71 Nahodha wa Tanga
Amelipa?

#72 FundiKeko77
Na droo ya tatu?

#73 ndegemsafiri
Nimeiranda kingo, nikapiga vanishi, nikatoa jeki na mnyororo, nikasafisha reli kwa brashi ya mswaki. Bado inakwama palepale. Jana mzee wa mtaani akaniambia nipake sabuni ya mche.

#74 FundiKeko77
Sabuni ya mche ni ya droo ya ubao juu ya ubao! Kwenye goroli itashika vumbi lote kuanzia hapo hadi Mombo. Usipake.

#75 ndegemsafiri
Nimeshapaka.

#76 bodamstaafu
Na inatoka?

#77 ndegemsafiri
Inatoka vizuri. Sasa haiingii.